Pingili za Saa ni Mali: Zipunguzwe, Zisitupwe



Wazee wetu, kina mama na vijana wasomaji wa ukurasa huu, wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo dogo lililo mikononi mwa wengi wetu, nalo ni saa yenye mkanda wa chuma. Saa ya aina hii hutoka kiwandani ikiwa na mkanda mrefu kuliko mikono ya watu wengi, ili kila mnunuzi aupunguze kwa kadiri ya mkono wake. Mkanda wenyewe umeundwa kwa vipande vifupi vilivyoshikanishwa kwa pini. Vipande hivyo tutaviita pingili, kwa kuwa vimefuatana mfano wa pingili za muwa. Tofauti yake ni kwamba pingili ya muwa ikishakatwa hairudi, ilhali pingili ya saa hutolewa leo na kurudishwa kesho ikiwa kamili.

Tofauti hiyo ndiyo shina la maneno yetu ya leo, na tumelazimika kuyaandika kwa sababu ya shauri lililoletwa mbele ya kamati yetu na familia moja iliyofiwa. Marehemu aliacha, miongoni mwa vitu vyake, saa ya Seiko 5 aliyoivaa miaka mingi. Mirathi ilipogawanywa, warithi wote waliridhia saa hiyo iingie katika fungu la mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 13. Tatizo likawa mkono. Baba alikuwa mtu wa umbo kubwa, na kijana bado ni mwembamba. Akiivaa, saa hupanda na kushuka mkononi kama bangili.

Mama wa kijana akasema: "Ustadh, mwanangu anataka kuivaa saa ya baba yake sasa, wala si baada ya miaka kumi. Naomba ipunguzwe." Baba mkubwa wa kijana, ambaye ndiye msimamizi wa mali ya yatima huyu, akajibu kwa upole: "Shemeji, mimi sikatai mtoto kuvaa. Nakataa kukatwa. Mkanda ukishakatwa, atakapokuwa mtu mzima atavaa nini? Na mimi nitaulizwa."

Ndugu wasomaji, wote wawili walikuwa na haki. Mama alitazama moyo wa mtoto, na baba mkubwa alitazama amana aliyokabidhiwa. Mali ya yatima haitakiwi kupungua mikononi mwa mlezi, hata kwa kitu kidogo kama kipande cha chuma. Hata hivyo, mzozo wao ulisimama juu ya neno moja lisilo sahihi, nalo ni "kukata". Mkanda wa saa haukatwi. Hufunguliwa, pingili zikatolewa, ukafungwa tena. Tulipouweka mkanda mezani na kuwaonyesha mishale midogo iliyochorwa upande wake wa ndani, maneno yakapungua. Kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zina saa ya namna hii kabatini, tunaeleza hapa jinsi kazi hiyo inavyofanyika nyumbani.

Tuanze kwenye kifungo

Watu wengi hukimbilia kutoa pingili kabla ya kukitazama kifungo cha mkanda. Tukigeuze kifungo na kutazama ubavuni mwake. Katika saa nyingi tutaona safu ya vitundu vidogo, na katika kimoja imekaa pini yenye springi ndani yake. Pini hii hubonyezwa kwa ncha nyembamba, kama kijiti cha meno kilicho kigumu, kisha mkanda husogezwa hadi kitundu kinachofuata. Kila kitundu hubadilisha urefu kwa milimita chache tu. Ikiwa saa inalegea kidogo, au inabana nyakati za joto, mara nyingi hapa ndipo kazi inapoanzia na kuishia, bila pingili hata moja kutolewa. Tahadhari ni kwamba springi huruka. Tuifunike kwa kidole tunapoibonyeza, na uso tuuweke mbali.

Ziko pia saa za Casio za tarakimu zenye mkanda mwembamba wa chuma, ambazo vijana wengi huzivaa. Baadhi ya hizo, kama ile ya A158W, hazipunguzwi kwa pingili. Kifungo chake kina kibati kinachoinuliwa kwa ncha ya bisibisi bapa, kisha kifungo chote hutelezeshwa juu ya mkanda hadi panapofaa, na kibati hukandamizwa tena. Anayeng'ang'ania kung'oa vipande vya mkanda wa namna hii huuharibu bure. Na mikanda ile ya zamani inayovutika kama mpira, ambayo baadhi ya wazee wetu wangali nayo, ina springi ndogo ndani ya kila kipande. Hiyo tunashauri iachiwe fundi.

Kujua ni ngapi za kutoa

Tuivae saa, tufunge kifungo, kisha tugeuze mkono kiganja kitazame juu. Kwa vidole viwili vya mkono wa pili tuubane mkanda uliozidi mpaka saa ikae vizuri juu ya kifundo cha mkono. Pingili zilizokutana katikati ya vidole ndizo zilizozidi. Tuzihesabu, kisha tutoe pungufu ya hesabu hiyo kwa moja, tujaribu tena. Ni rahisi kutoa nyingine baadaye kuliko kuhangaika kurudisha iliyotolewa kwa pupa.

Wakati wa kupima nao una maana. Mkono huvimba kidogo kwa joto na kwa kazi, na hupungua kwenye baridi ya alfajiri. Sisi wakazi wa pwani na miji yenye joto tupime mchana au jioni, baada ya shughuli. Saa iliyopimwa alfajiri itatosha alfajiri, lakini ifikapo adhuhuri itakuwa imeacha alama kwenye ngozi.

Kisha tugawanye sawasawa. Zikiwa mbili za kutoa, itoke moja kila upande wa kifungo. Zikiwa nne, zitoke mbili huku na mbili kule. Lengo ni kifungo kibaki katikati ya upande wa ndani wa mkono, kisije kikakaa ubavuni kikakwaruza meza. Hesabu ikiwa ya witri, ile inayozidi kwa kawaida hutolewa upande wa chini wa saa, yaani upande wa tarakimu 6, lakini shahidi wa mwisho ni mkono wenyewe. Tuvae, tutazame kifungo kimeangukia wapi.

Kuzijua pini

Kwa jumla pingili hushikwa kwa njia tatu, na anayezichanganya ndiye anayeharibu.

Ya kwanza ni pini ya kusukuma, ambayo aghalabu huwa imepasuliwa upande mmoja ili ibane tunduni. Saa zenye pini za kusukuma huwa na mishale midogo upande wa ndani wa pingili. Mshale unaonyesha upande ambao pini husukumwa itoke. Pingili zisizo na mshale, hasa zile zilizo karibu na kichwa cha saa, mara nyingi hazikukusudiwa kutolewa. Tusizilazimishe.

Ya pili ni pini yenye kibomba. Kwa nje hufanana na ile ya kwanza, na ina mshale vilevile, lakini ndani ya pingili mna kibomba kifupi mno cha chuma ambacho pini hupita kati yake, na ndicho kinachoishika. Pini ikitoka, kibomba huanguka kimya kimya, na asiyekuwa na habari hukifagia. Atairudisha pini, itaingia kwa urahisi, naye atafurahi. Baada ya siku chache pini itatoka yenyewe na saa itaanguka barabarani au kwenye mfereji wa maji. Saa kadhaa zilizofika katika sanduku la vitu vinavyookotwa msikitini kwetu zilikuwa na mkanda uliofunguka hivi, pini haipo. Kwa hiyo tunapotoa pini, tugongegonge pingili taratibu juu ya kitambaa cheupe na kutazama kama kuna kilichodondoka.

Ya tatu ni skrubu. Hapa hakuna mshale. Ubavuni mwa pingili tutaona kichwa kidogo chenye mfereji. Huhitaji bisibisi ndogo ambayo ncha yake inajaa mfereji huo sawasawa, na hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Skrubu nyingi hutiwa gundi kiwandani, na joto huilainisha. Ikigoma baada ya kujaribiwa kwa nguvu ya kiasi, tusishindane nayo. Ncha ikiteleza huacha mkwaruzo wa milele, na mfereji ukilika, hata fundi atataabika.

Kazi yenyewe

Tuketi mezani penye mwanga wa kutosha, tutandike kitambaa cheupe juu ya sinia, na watoto wadogo wawe mbali. Pini hizi huweza kumezwa na mtoto kabla mtu hajageuza shingo. Vifaa ni vichache: chombo chembamba cha kusukumia, nyundo ndogo, na kibano au koleo yenye mdomo mwembamba. Wauza vifaa vya saa huwa na kifaa cha bei nafuu chenye skrubu inayosukuma pini polepole, nacho ni bora kuliko nyundo kwa asiye na uzoefu. Asiyekuwa nacho huweza kutumia msumari mwembamba uliopigwa tupa ncha yake ikawa bapa, mradi uwe mwembamba kuliko pini yenyewe. Sindano ya kushonea haifai, kwa kuwa hupinda au kukatika, na kipande chake huweza kuruka machoni.

Mkanda usimamishwe kwa ubavu juu ya kipande cha ubao chenye tundu, na pini tunayotaka kuitoa iwe juu ya tundu hilo, mshale ukielekea chini. Tusukume au tugonge kidogo kidogo. Pini ikianza kuchungulia upande wa chini, tugeuze na kuivuta kwa kibano. Iwekwe kwenye kisahani jinsi ilivyotoka, bila kugeuzwa. Tutoe pini ya pili mwishoni mwa pingili tunazoziondoa, na sehemu hiyo itaachia.

Sasa tuziunganishe ncha mbili za mkanda zilizobaki. Pini hurudi kupitia tundu lile lile ilimotokea, na ncha iliyotoka mwisho ndiyo huingia kwanza. Kwa maneno mengine, huingia kinyume cha mshale. Ikiwa ni ya kibomba, kibomba kitangulie kukaa mahali pake ndani ya pingili ya kati. Tuisukume pini kwa kidole mpaka igome, kisha tumalizie kwa kugonga kidogo hadi ilingane na ubavu wa mkanda. Pini iliyoingia yote kwa kidole bila kugoma ni dalili mbaya. Ama kibomba kimesahaulika, ama pini imechoka na yafaa ibadilishwe.

Mwisho tupitishe kidole ubavuni. Hatutakiwi kuhisi ncha yoyote iliyochomoza, kwa sababu ncha hiyo itakwaruza ngozi na kukamata nyuzi za mkono wa kanzu. Tuuvute mkanda kwa nguvu ya kiasi juu ya kitambaa, kisha tuvae. Baada ya wiki moja tukague tena.

Mkono uliotoshwa

Saa iliyokaa vizuri huruhusu kidole cha mwisho kupita chini ya kifungo bila kusukumwa. Haizunguki mpaka uso wake ukatazama chini, wala haipandi mkononi mtu anapoinua mikono. Inayolegea mno hugongwa huku na huku na kuchosha pini zake, na inayobana mno huhifadhi jasho na sabuni chini yake, ngozi ikawasha. Wengi hudhani ni ubaya wa chuma, kumbe ni uchafu uliokaa kati ya pingili. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, pamoja na mswaki laini, huuondoa. Lakini saa isiyozuia maji mkanda wake usitumbukizwe. Ufutwe tu.

Kwa sisi tunaotawadha mara kadhaa kwa siku liko jambo zaidi. Mkono huoshwa wote, na ngozi iliyofunikwa na mkanda ni sehemu ya mkono. Mkanda uliobana huweza kuzuia maji yasifike. Lililo salama ni kuivua saa kabla ya kutawadha na kuitia mfukoni. Isiwekwe ukutani wala juu ya bomba, maana huko ndiko zinakosahauliwa.

Lini tumwendee fundi

Kuna kazi ambazo tukizifanya wenyewe tunajitia hasarani. Saa ya thamani kubwa, yenye vito au mkanda wa madini ya thamani, saa ambayo ingali katika muda wa dhamana ya duka, skrubu zilizogoma, na pingili zenye skrubu pande zote mbili, hizo zipelekwe kwa fundi saa anayeaminika. Ujira wake ni mdogo ukilinganishwa na mkwaruzo usiofutika. Lakini tunapoondoka kwa fundi, tuombe pingili zilizotolewa pamoja na pini zake. Tuseme mapema, kabla ya kazi kuanza: "Fundi, naomba vipande vyangu unirudishie." Fundi mwema hakasiriki kwa neno hili, na wengi wao huzitia katika kikaratasi bila kuombwa. Vilevile anayenunua saa iliyokwisha kutumika amuulize muuzaji ziko wapi pingili zilizobaki. Saa isiyo nazo itamfaa mwenye mkono wa kadiri hiyo tu.

Zinakowekwa

Pingili ya saa moja kwa kawaida haikubali kwenye saa nyingine. Upana, unene na mahali pa tundu hutofautiana kwa kila toleo, na matoleo ya zamani hayatengenezwi tena. Seiko ilianza kutoa saa zilizoitwa Seiko 5 mwaka 1963, na tangu hapo matoleo yake yamekuwa mengi mno. Anayepoteza pingili mbili za saa ya babu yake hana uhakika wa kupata zinazolingana katika duka lolote. Ndiyo maana tunasema pingili ni mali, ijapokuwa peke yake haina bei sokoni.

Katika shauri lile la familia, pingili nne zilitolewa, mbili kila upande. Zilitiwa pamoja na pini zake katika kichupa kidogo chenye kifuniko, na juu yake pakabandikwa karatasi yenye jina la kijana, aina ya saa, idadi ya pingili na tarehe. Baba mkubwa alikitia kichupa pamoja na hati za mali ya yatima, na katika daftari lake la usimamizi akaandika mstari mmoja: pingili nne za saa, zipo. Kijana aliondoka na saa mkononi. Wamekubaliana kwamba kila baada ya Idi watampima, na mkono ukinenepa, pingili moja itatoka kichupani na kurudi kwenye mkanda, mpaka siku kichupa kitakapokuwa kitupu.

Tunawashauri wazazi na walezi wote wafanye vivyo hivyo, hata kama saa haina uhusiano na mirathi. Mkono wa kijana hukua, wa mgonjwa hupungua kisha hurudi kwa rehema za Allah, na wa mama mjamzito huweza kuvimba kwa muda. Mkanda huo huo huweza kuwafuata wote hao iwapo vipande vyake vimehifadhiwa. Kichupa kikiwa na maandishi, mtu mwingine ndani ya nyumba atajua kilichomo hata siku ambayo aliyekiweka hayupo.

Tuwaombe basi wasomaji wetu, wikiendi hii, wafungue makabati na madroo yao. Ikipatikana saa nzuri iliyolala kwa kuwa haimtoshi mtu, itazamwe kifungo chake, itafutwe mishale yake, na ziulizwe zilipo pingili zake. Mwenye saa ya mtoto yatima mkononi mwake aanze kwa kuziorodhesha.

Wabillahi tawfiq.